Jungu, Kilabu, Kegi: Nani Anaruhusiwa Kupika?

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kileo, kabla hata hujafika kwenye kunywa. Tembo hugemwa. Pombe hupikwa. Bia hutengenezwa. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo darasani, lakini hebu vichanganye uone. Ukisema "yule mama anatengeneza pombe" utaeleweka, ila utasikika kama taarifa ya polisi. Ukisema "kiwanda kinapika bia" kuna mtu atatabasamu. Kugema ni kazi ya juu ya mnazi, kupika ni kazi ya jikoni, kutengeneza ni kazi ya kiwandani. Ndani ya vitenzi hivyo vitatu mna historia nzima ya nani anafanya kazi gani, anaifanyia wapi, na lini anaitwa mhalifu kwa kuifanya.

Nimelifikiria hili sana tangu jamaa yangu mmoja wa Msasani aliponiambia, bila hata kucheka, "Wikiendi hii napika bia."

Na anapika kweli. Ana sufuria kubwa, ana mfuko wa shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, ana pakiti ya hopsi na nyingine ndogo ya hamira, vyote vimekuja kwenye sanduku la ndugu aliyetoka nje. Na ana kegi. Hii ndiyo anayoionyesha kwa wageni, kama wengine wanavyoonyesha gari. Ni silinda ya chuma kisichoshika kutu, lita 19, ukiisimamisha inapita goti. Kifuniko chake kinabanwa na gasketi ya mpira. Juu kuna vichwa viwili: kimoja cha kuingizia gesi, kingine cha kutolea bia. Ndani kuna bomba jembamba linaloshuka hadi chini kabisa. Gesi ya kaboni kutoka kwenye mtungi mdogo inapita kwenye regyuleta, inaikandamiza bia kutoka juu, na bia haina pa kwenda isipokuwa kupanda lile bomba hadi kwenye koki na kwenye glasi yako. Yaani ni fizikia ya kidato cha pili, ila inakuja na povu.

Mwaka huu amepiga hatua nyingine. Haitumii kegi kuhifadhia tu, anaichachulia bia humo humo, ikiwa na presha. Alinieleza sababu, na sababu yenyewe ni Dar es Salaam. Hamira za bia nyingi hupenda nyuzijoto 18 hadi 22, na zile za laga hutaka ubaridi zaidi ya hapo. Sisi tuna nyuzijoto 30 na ushee, na umeme ukikatika friji inageuka kabati. Hamira ikifanya kazi kwenye joto hilo inatoa harufu nyingi za matunda, bia inanukia ndizi wakati hukuweka ndizi. Lakini ukiifunga ndani ya chombo chenye presha ya kama psi 10 hadi 15, karibu nusu ya upepo wa tairi la gari dogo, harufu hizo hupungua na bia inatoka safi hata kwenye joto. Hamira hula sukari, ikatoa kileo na gesi karibu sawa kwa uzito. Nilipiga hesabu: lita 19 za bia yenye kileo asilimia 5 hutoa takriban lita 400 za gesi. Ndiyo maana kegi ina valvu ya kupumulia. Bila hiyo si chombo cha bia tena, ni bomu la sebuleni.

Nilimsikiliza kwa heshima, maana jamaa anaijua kazi yake. Ila kichwani nilikuwa na mtu mwingine.

*

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika mbege, Rombo. Hakuwa na kipimajoto. Mbege, kwa msomaji asiyeijua, ni ndizi na ulezi. Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu-kahawia, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke, halafu zinakamuliwa na kuchujwa. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa, ukafunikwa hadi ukachipua, ukakaushwa, ukasagwa. Huo ndio kimea. Unapikwa uji, unapozwa, unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake kuna pombe. Ukali wake unatoka kwenye gome la msesewe, linalotiwa kidogo kidogo na mtu anayejua kiasi, kwa sababu likizidi hainyweki.

Sasa weka hivyo viwili pamoja. Shayiri ya jamaa yangu imeoteshwa na kukaushwa kwa sababu ileile ya ulezi wa bibi: mbegu inapochipua inazalisha vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari hamira haina cha kula. Hopsi zake zinaleta uchungu wa kusawazisha utamu, kazi ya msesewe. Uji wake wa shayiri lazima ukae kwenye nyuzijoto kama 65 ili vimeng'enya vifanye kazi bila kufa. Bibi alijua kwamba ukitia kimea kwenye uji unaochemka umeharibu, na ukikitia kwenye uji uliopoa sana umechelewa. Alipima kwa mkono. Alipata jibu lilelile.

Tofauti ya kweli ni moja: gesi. Pombe zetu za nafaka, iwe mbege, komoni au kangara, huuzwa zikiwa bado zinachachuka. Huwezi kuzifunga. Ukiifunga mbege kwenye chupa usiku, asubuhi unaokota vioo. Kwa hiyo zinanywewa kwenye kata, siku mbili tatu, kisha zinakuwa siki. Pombe hai haivumilii kusubiri wala kusafiri mbali, na haikai ghalani ikingoja bei ipande. Inabidi inywewe karibu na alipo aliyeipika, na watu waliopo. Kijijini hiyo haikuwa kasoro hata kidogo. Pombe iliwaita watu kwenye kazi ya ujima, kwenye mahari, kwenye matanga. Jungu lililoiva lilikuwa ndiyo kadi ya mwaliko.

Bia ya kiwandani ni kinyume chake. Imechujwa, hamira imetolewa au imeuawa kwa joto, gesi imefungiwa ndani. Imekufa, na kwa kuwa imekufa inaweza kupanda treni. Richard Burton, aliyepita nchi hii mwaka 1857 akielekea Tanganyika, alieleza pombe ya nafaka karibu kila alikopita, na alieleza namna inavyopikwa. Biashara ya misafara ilibeba meno ya tembo, shanga, vitambaa na watu. Pombe ilibaki pale pale ikimngoja msafiri.

*

Halafu ikaja sheria, na sheria ilikuja na ramani yake ya nani anywe nini.

Mwaka 1890, kwenye mkutano wa Brussels, mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakigawana Afrika yalikubaliana kuzuia vinywaji vikali kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain ukarudia jambo hilo. Walisema ni kwa ajili ya kumlinda mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba hapa kwetu, kwa miaka zaidi ya sitini, aina ya kinywaji kilichokuwa mbele yako ilitegemea rangi ya mkono ulioshika glasi. Wazungu walikuwa na bia yao na wiski yao. Mjerumani Wilhelm Schultz alikuwa na kiwanda cha bia hapa hapa Dar es Salaam enzi za Wajerumani. Mwafrika alikuwa na "pombe ya kienyeji," na neno hilo kienyeji bado tunalibeba kwenye leseni hadi leo.

Lakini pombe ya kienyeji nayo ilikuwa tatizo kwa watawala wa miji. Mtu aliyekuja mjini kufanya kazi bandarini alitakiwa alale, aamke, aende kazini. Na mwanamke aliyekuja mjini bila mume hakutakiwa kabisa. Sasa mwanamke huyo aliishije? Moja ya majibu ya kawaida, kuanzia Durban hadi Nairobi hadi Dar es Salaam, ilikuwa hiyohiyo: alipika. Alikuwa na ujuzi kutoka kwao, mtaji wake ulikuwa debe na kuni, na wateja walikuwa wanaume elfu waliokuwa mbali na wake zao.

Durban ndiko jibu la serikali lilikobuniwa. Sheria ya mwaka 1908 katika Natal iliipa halmashauri ya mji haki ya kuhodhi pombe ya nafaka: ipike yenyewe, iuze yenyewe kwenye kumbi zake, na faida iendeshe mambo ya Waafrika wa mji. Fikiria ujanja wake. Mfanyakazi analipwa mshahara mdogo, anaurudisha kwa halmashauri kwa kunywa, na halmashauri inautumia kujenga nyumba za kumbana humo. Mwanamke aliyekuwa anapika jana, leo ni mvunja sheria. Nairobi iliiga mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na wanawake hawakunyamaza. Natal mwaka 1929, na tena Cato Manor, Durban, mwezi Juni 1959, waliingia kwenye kumbi za pombe za halmashauri na kuzigomea kwa nguvu. Wanahistoria wengi huandika matukio hayo kama sehemu ya harakati za siasa, na ni kweli. Ila yalikuwa pia ugomvi juu ya jambo dogo na zito: pato la jikoni ni la nani?

Miji ya Tanganyika ilifuata njia yake, isiyo kali kama ya Durban lakini ya ukoo mmoja. Kupika pombe nyumbani bila kibali mjini kukawa kosa. Pombe ya halali ikatengewa mahali pake, ambapo wapishi walilipia na mji ukakusanya chake. Ndiyo chimbuko la "pombe shop," jina ambalo wazee wa Kariakoo na Ilala bado wanalitumia kutaja vituo hata pale ambapo hapauzwi tena tone. Kwa watoto wa mjini ikawa kilabu. Kupika kulitolewa jikoni kukapelekwa uani kwa serikali, penye saa ya kufungua na saa ya kufunga.

Huku juu, bia ya chupa ilikuwa inajijenga. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker, mnyama mwenye pembe. Hapa Kiswahili kinacheka peke yake. Kwetu pwani tembo ni mnyama na tembo ni kinywaji cha mnazi, karne nyingi kabla ya Hurst kuiona Afrika. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933, na miaka michache baadaye kilimezwa na wenzao wa Nairobi, ikazaliwa East African Breweries. Leo kwenye baa za Msasani unaweza kuagiza Ndovu, na nazo zina picha ya mnyama huyohuyo. Tembo la mgema limeachwa vichochoroni, tembo wa chupa ndiye mwenye friji.

*

Ungedhani uhuru ungemrudisha mpishi jikoni. Haikuwa hivyo, na nadhani hapa ndipo historia yetu inapotutaka tuwe wakweli.

Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965: wapishi wa mitaani wasimuuzie mtu, wauze kwa kiwanda kitakachoisafisha na kuitia kwenye chupa. Tanzania mwaka 1966 ilitunga sheria ya moshi, yaani gongo, na mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo ambayo iliendelea kutenga pombe za kienyeji na vinywaji vingine. Kenya baadaye ilienda mbali zaidi, chang'aa ikapigwa marufuku kabisa mwaka 1980 hadi ilipohalalishwa tena kwa masharti mwaka 2010. Lugha ilibadilika. Hakuna aliyesema tena kumlinda mwenyeji. Walisema afya, maendeleo, nguvu kazi. Lakini mtu aliyekamatwa na debe lake mwaka 1970 angeweza kukaa rumande na yule wa mwaka 1940 wakaelewana vizuri tu.

Sitaki kuwa mjinga wa upande wa pili. Gongo inaua. Kunereka kunakusanya kileo, na mtu akiongeza vitu visivyojulikana ili kipatikane kingi kwa haraka, watu wanapofuka na kufa. Pombe ya kuchachuka tu, mbege au komoni, haina hatari ya namna hiyo, ila ina hatari zake: mshahara ulioishia kilabuni, mtoto aliyelala njaa, kipigo. Wasomaji wa Kezilahabi wanamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa katika *Rosa Mistika*. Kila ukoo una Zakaria wake. Sheria haikutungwa hewani.

Swali langu ni jingine. Tunamkumbuka Zakaria. Nani anamkumbuka aliyempikia? Fasihi yetu ina walevi wengi mno na wapishi wachache mno. Mlevi ana hotuba, ana vituko, ana mkasa. Mpishi ana moshi machoni.

Ngũgĩ wa Thiong'o ni mmoja wa waliomwona. Katika *Petals of Blood* ya mwaka 1977, bibi kizee Nyakinyua anajua kupika Theng'eta, kinywaji cha wahenga cha Ilmorog. Wanja na Abdulla wanakifanya biashara, kinawainua. Kisha wakubwa wanakitwaa, leseni inakwenda kwao, na Theng'eta inakuwa jina la kampuni yenye wakurugenzi. Watu husoma riwaya ile kama hadithi ya mauaji na usaliti wa uhuru. Mimi kila nikiirudia naiona kama ripoti ya kibiashara. Hakuna alichobuni. Kaskazini mwa Rhodesia, katika mji wa Kitwe, miaka ya 1950 Max Heinrich alianza kutengeneza kiwandani pombe ileile ya mahindi na mtama iliyokuwa ikipikwa na wanawake. Inasimuliwa kwamba aliandika maoni ya wateja kitabuni, na hapo ndipo jina Chibuku lilipotoka. Paketi yake ililazimika kuachiwa pa kupumulia kwa sababu ilikuwa bado hai, na inabidi uitikise kwanza. Kwetu ikawa Kibuku, vilabu vikaipokea, na Dar es Salaam ikapata kiwanda chake cha kuitengeneza, Darbrew. Angalia kitenzi: pombe, kwa mara ya kwanza, ikaacha kupikwa ikaanza kutengenezwa. Ladha ya jikoni, pato la kiwandani.

Mwanahistoria Justin Willis, katika *Potent Brews*, kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu kileo Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba ugomvi wa pombe mara nyingi ni ugomvi wa mamlaka: nani ana haki ya kunywa, na mbele ya nani. Namkubalia, ila ningeongeza upande wa sufuria. Nani ana haki ya kupika, na pato libaki wapi.

*

Miaka ya 1980 ilijibu swali hilo kwa njaa. Mishahara ilianguka, bidhaa zikaadimika, na bia ya chupa yenyewe ikawa ya kujuana. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam miaka hiyo na kuchapisha *Changing the Rules* mwaka 1997, ameeleza jinsi kaya za mjini zilivyogeuka: mshahara wa baba ukawa nyongeza, na miradi midogo ya mama ikawa ndiyo kipato. Maandazi, vitumbua, kuku, mkaa, na ndiyo, pombe. Serikali ilipokuja na Nguvu Kazi mwaka 1983 kuwaondoa "wazururaji" mjini, kumbe wengi wa waliokuwa wakiilisha Dar es Salaam hawakuwa na kazi inayotambuliwa.

Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa na chumba na uwanja mdogo Tandika, Temeke. Ndizi zilikuja kwa lori kutoka Moshi, nyingine zikiwa zimeiva njiani, ambazo ndizo alizozitaka. Alipika mbege ya wikiendi, lita chache, kwa watu wa nyumbani walioikumbuka. Nilipokuwa shule ya msingi nilishuhudia mara mbili watu wakija na gari, wakiuliza kibali, wakimwaga mapipa yake mtaroni. Hawakuwa wakali. Mmoja aliomba maji ya kunywa kabla hawajaondoka, na akapewa. Jumatatu iliyofuata aliazima mtaji na kuanza upya. Sare yangu ya kidato cha kwanza, godoro langu la bweni na ada ya muhula wa kwanza vilitoka kwenye mapipa hayo. Kwa hiyo nikisema mimi ni msomi wa mbege si mzaha, ni hesabu.

Sasa mrudishe yule jamaa wa Msasani. Hajawahi kumwagiwa kitu. Hakuna aliyemuuliza kibali. Ana ukuta, ana geti, ana mlinzi, na ana neno zuri: hobi. Sisemi hivi kwa kumwonea wivu. Yeye mwenyewe anajua. Lakini hebu tuangalie hobi hiyo ilikotoka, maana nayo ina historia ya sheria.

Uingereza, kupika bia nyumbani kulihitaji leseni tangu mwaka 1880. Leseni hiyo iliondolewa na waziri wa fedha Reginald Maudling mwaka 1963. Marekani, tangu enzi za marufuku ya pombe, kupika bia nyumbani kulibaki kosa hadi Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya Oktoba 1978: galoni 100 kwa mtu mzima kwa mwaka, 200 kwa kaya, karibu lita 757, kwa sharti moja, usiuze. Na kegi yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya bia. Ilikuwa chombo cha soda. Migahawa ya Marekani ilipokea sharubati ya soda kwenye silinda hizo, nyingi zikitengenezwa na kampuni ya Cornelius ya Minnesota. Kampuni za soda zilipohamia mifuko ndani ya maboksi, silinda zikabaki ghalani kwa maelfu, zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na wapishi wa nyumbani wakazigundua. Yaani hata kegi ya jamaa yangu ni mtumba.

Lakini soma tena sharti la Carter: usiuze. Kule, sheria ilimwachia mtu jiko lake mradi jiko lisimlishe. Anayepika kwa raha ni huru, anayepika kwa riziki atafute leseni ya kiwanda. Sisi tumeiga bila kuandika popote. Tunachokiona kama uhuru wa Msasani ni uhuru wa mtu asiyehitaji kuuza. Mama wa Tandika hakuwa na namna ya kupika kwa raha peke yake. Kwake kupika na kuuza ni kitendo kimoja, kama kugema na kuteremka mnazi.

Msasani penyewe panajua mambo haya kuliko majina ya baa zake. Kabla ya maghorofa palikuwa kijiji cha wavuvi, na makaburi ya zamani ya mawe yapo mpaka leo. Panapo minazi na wavuvi pana mgema pia, hata penye msikiti, ingawa hakuna atakayekuambia anakunywa. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji ni ya watu waliojua kabisa tembo zuri lina ladha gani. Huo ni uhakiki wa bidhaa uliofanyika kabla ya maabara. Leo ukitembea kutoka kwenye mageti ya barabara kubwa kushuka Bonde la Mpunga, unavuka kutoka hobi hadi kosa kwa dakika kumi za miguu, na kinachochachuka pande zote mbili ni sukari ileile, kwa hamira za ukoo uleule.

Mwezi Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, na niliunga mkono, kwa sababu niliona watoto wa shule wakivinunua kama pipi. Marufuku ile ilinifundisha kitu: inawezekana kulenga madhara yenyewe, chombo na bei na umri wa mnunuzi. Kumbe si lazima kulenga mtu na jiko lake. Kama tunaweza kutofautisha kiroba na chupa, tunaweza pia kutofautisha gongo na mbege, na mpishi mwenye mapipa safi na mchanganyaji wa sumu. Kibali cha bei anayoiweza mama wa Tandika, maji safi, ukaguzi wa vyombo, na mahali pa kuuzia pasipo mtaroni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji teknolojia ya kegi.

Ingawa kegi nayo ina la kusema. Nilimuuliza jamaa yangu kama mbege inaweza kukaa humo. Alifikiri, akauliza kuhusu ulezi na machicha, kama yataziba bomba. Kisha akasema inawezekana, ukichuja vizuri na ukaacha valvu ipumue, ingekaa wiki mbili badala ya siku mbili. Siku kumi na mbili za ziada. Kwa mpishi wa mbege huo ni mtaji: asingelazimika kuuza zote Jumapili, wala kuanza na deni kila Jumatatu. Mama mkubwa hapiki tena, magoti yanamsumbua. Lakini nilipompigia kumweleza, hakuuliza bei ya kile chombo wala kilitoka wapi. Aliuliza swali ambalo watawala wa Durban, Nairobi na Dar es Salaam wamekuwa wakilijibu kwa niaba yake kwa zaidi ya miaka mia.

"Na hicho kipipa, baba, watakubali nikiweke uani?"